Saa ya Kyubu, Bure kwa Mwenye Disketi

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii wala sijutii. Nilizaliwa hivyo, kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Nikisalimiwa kwa uchangamfu kupita kiasi, najiuliza mtu huyu anataka nini. Nikiambiwa mvua haitanyesha, natoka nje kuutazama mlima kwanza. Kwa hiyo mpaka leo sielewi ilikuwaje mimi, kati ya watu wote wa Nyeri, nikawa ndiye wa kugawa kitu bure.

Kitu chenyewe kilikuwa programu ya kompyuta. Miaka ile ya tisini nilikuwa nafundisha pakeji, yaani programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, katika chuo kidogo mjini, ghorofani, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Chuo kilikuwa cha mama mmoja aliyestaafu ualimu, naye alikiendesha kama nyumba yake. Ukifika mlangoni unavua viatu. Kila kompyuta ilikuwa na shuka lake la maua alilolishona mwenyewe, na somo likiisha ilifunikwa kabla mwanafunzi hajainuka kitini. Taa isiyo na kazi hakuiacha iwake. Nimemwona akizima taa ya choo kukiwa na mtu ndani, akaitwa, akaiwasha, kisha akasimama palepale mlangoni akingoja atoke aizime tena.

Jumamosi asubuhi mama alituachia chumba kile na kompyuta moja, sisi watu wa kyubu. Kyubu ni ule mchemraba wa plastiki wenye rangi sita. Unauvuruga, kisha unauzungusha na kuuzungusha mpaka kila upande urudi kuwa na rangi moja. Yangu niliipata mfukoni mwa koti la mitumba, na kwa muda mrefu nilishuku kwamba mwenye koti angekuja kuidai. Hatukuwa wengi. Kulikuwa na karani wa benki aliyevaa tai hata Jumamosi, muuguzi mmoja, dereva wa lori la majani chai, mimi, na wengine waliokuja na kupotea.

Mtaani hawakutuelewa. Wakati huo uvumi wa waabudu shetani ulikuwa umejaa kila mahali, na watu wazima wanaovua viatu na kujifungia ghorofani kuzungusha rangi mbele ya kompyuta walionekana kuwa mfano mzuri. Mzee mmoja wa kanisa alipanda ngazi siku moja, akakaa nasi asubuhi nzima bila kusema neno, akashuka. Jumapili iliyofuata, ibadani, waliombewa wale waliotekwa na michezo isiyoeleweka. Hatukutajwa, lakini karani alisema watu wa viti vya mbele waligeuka wakamtazama. Naibu wa chifu naye alituma mtu kuuliza kama mkutano wetu una kibali.

Shida yetu wenyewe ilikuwa muda. Tulipimana kwa saa za mkononi, na kila saa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na rafiki. Akimpenda mchezaji alisimamisha saa mapema kidogo. Akiwa na kinyongo naye alichelewa kidogo. Hakuna aliyekiri, ila mimi niliona vidole. Ndipo nikaamua kuandika programu. Unabonyeza kile kitufe kirefu cha kibodi kuanza, unakibonyeza tena ukimaliza, na kompyuta, ambayo haina rafiki, inakupa jibu. Niliiandika kwa BASIC, lugha ya kompyuta ya wanaoanza, saa za chakula cha mchana, shuka la maua likiwa begani mwangu. Skrini niliiacha nyeusi mpaka mwisho, kwa sababu namba zinazokimbia zilitetemesha watu mikono.

Hapo ndipo tabia yangu iliponiponza. Kompyuta ina saa yake ndani, na mtu wa kawaida angeandika mstari mmoja tu wa kuiuliza saa hiyo. Lakini betri ndogo za mashine zile zilikuwa zimekufa, na kila asubuhi ukiwasha, kompyuta iliamka ikiamini ni mwaka wa themanini, mwezi wa kwanza, tarehe moja. Nikajiambia: chombo kisichojua mwaka nitakiaminije na sekunde? Badala yake niliifanya kompyuta ihesabu, moja, mbili, tatu, mbio kadiri ya uwezo wake, nami nikakaa na saa yangu ya mkononi nikapima hesabu inafika ngapi sekunde moja ikipita. Namba hiyo nikaiweka ndani ya programu. Nilijiona mjanja sana.

Kisha nikaigawa. Aliyeleta disketi yake nilimnakilia programu pamoja na maandishi yake yote, mstari kwa mstari, ili anayejua aweze kufungua, kusoma na kurekebisha. Juu kabisa niliandika: chukua, badilisha, mpe mwenzako. Siku hizi jambo hilo lina jina na wafuasi dunia nzima. Wakati ule, Nyeri, lilikuwa na swali moja tu.

"Na wewe unapata nini?" karani aliniuliza, ameishika disketi kwa pembe.

"Sipati kitu."

"Hapana, bwana. Lazima kuna kitu unapata. Ama hii kitu iko na virusi?"

Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Hata sababu yangu ya kugawa ilikuwa ya mtu mwenye shaka: nilijua wangesema nimeficha kitu, basi niliona heri niwaonyeshe matumbo yote ya programu wanyamaze. Hawakunyamaza. Mtu akikuonyesha kila kitu, kwetu huulizwa ni kipi hicho ambacho hajaonyesha.

Programu ikasafiri bila mimi. Dereva wa lori aliifikisha Kagio, kwa mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa na kundi lake la kyubu na kompyuta ya shule. Mwalimu akapima upya namba ya mashine yake, akaongeza rangi, akaongeza mlio wa kumaliza, akanirudishia disketi kwa dereva yuleyule pamoja na maneno ya shukrani. Niliyachunguza maneno yale nikitafuta kejeli. Sikuiona. Nilifurahi ajabu, na kwa muda nikatembea mjini nikiwaamini binadamu.

Ndipo akaja fundi wa nguo.

Alikuwa anashona sare za shule katika kibanda karibu na uwanja wa Ruring'u, na Jumamosi alifunga kazi mapema, lakini si mapema vya kutosha. Alifika kwetu wa mwisho kila mara, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Sheria yetu ilikuwa kwamba unacheza kwa zamu ya kufika, na zamu ikipita imepita. Kwa hiyo yeye alicheza baada ya chai. Chai aliileta mama mwenyewe, birika mkono mmoja, kitambaa cha vumbi mkono wa pili, na sote tuliacha kila kitu tukaigeukia, kwa maana mama alibania umeme lakini maziwa hakubania.

Vidole vya fundi vilikuwa vyepesi, hilo mtu yeyote aliliona. Lakini muda aliopewa na skrini ulikuwa mwepesi zaidi. Wiki za mwanzo tulishangilia. Baadaye akamfikia karani, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Halafu Jumamosi moja skrini ikasema amemaliza chini ya dakika moja. Hakuna kati yetu aliyewahi kushuka chini ya dakika. Muuguzi alipiga makofi mara mbili, akasita, akaangalia wengine, akaacha.

Na niseme wazi, nilikuwa nimempenda. Sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine, na nilidhani nimejificha vizuri.

"Mimi sisemi mtu ni mwizi," karani alianza, wiki iliyofuata, kabla fundi hajafika. "Nauliza tu. Hii programu iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Huyu msichana akiingia, ni nani anamwekea kiti?"

Ni kweli nilikuwa namwekea kiti. Nilikuwa nakifuta pia.

Jambo hilo halikuwa la utani, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana na watu wa Kagio kwamba shule zikifunga watakuja Nyeri, na kila kundi litatoa mtu mmoja, yule mwenye muda bora, wacheze mbele ya wote. Muda wa fundi ukikubaliwa, ni yeye. Ukiwa wa kupikwa, angetolewa kwa aibu, nami pamoja naye, na programu yangu ingetupwa. Lakini aibu yangu ningeimeza. Kilichoninyima raha ni kwamba angeondoka akiamini nimemfanya kichekesho mbele ya watu.

Nilimpa karani maandishi ya programu, yamechapishwa, karatasi zimeungana kama utepe. Akampelekea mwenzake anayejua kompyuta. Wakarudi na jibu.

"Hatukuona kitu," karani alisema.

"Basi, imekwisha."

"Haijaisha. Umeficha vizuri."

Kutoka Kagio nako mwalimu akatuma neno kwa dereva: programu yetu hiyohiyo, kwao, haijawahi kumpa mtu muda wa namna ile. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko maneno ya karani.

Mimi nami sikukaa bure. Nilimshuku karani kwamba amebadilisha programu ili anichafue. Nikalinganisha nakala iliyokuwa kwenye kompyuta na yangu ya nyumbani, zikawa sawa kila herufi. Nikamshuku mwalimu wa Kagio na shukrani zake. Nikamshuku dereva, kwa kuwa alikuwa kimya. Mwisho nikamshuku fundi mwenyewe, kwamba labda anabonyeza kitufe kyubu ikiwa bado haijakamilika. Nilimkodolea macho Jumamosi nzima. Alimaliza, akaiweka chini, ndipo akabonyeza, taratibu kabisa, kama mtu anayejua anatazamwa. Nikaona haya, na haya ile ilinikaa moyoni siku nyingi.

Karani ndiye aliyesema tumalize ubishi kwa saa yake ya mkononi. Yeye atapima, programu nayo ipime, tuone. Siku ya kupima mama hakuwepo. Alikuwa ameenda Karatina kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wake, akatuachia ufunguo, na hata chai hatukupata. Fundi akaja, akacheza na midomo mikavu. Saa ya karani na programu zikakubaliana kabisa. Muda ulikuwa wa kawaida, zaidi ya dakika, tena zaidi sana.

Ungedhani hilo lingenisafisha. Lilinimaliza.

"Mmeona?" karani aliwauliza wengine, si mimi. "Leo kuna saa, leo hakuna miujiza. Alijua tutapima, akaitoa hiyo kitu yake."

Fundi alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni. Alinitazama mara moja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitatiza; alikuwa na uso wa mtu anayefikiria jambo. Akashuka ngazi bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata nilifika na uamuzi mmoja: sitamtazama mtu yeyote. Watu nilikuwa nimeshawashuku wote na sikupata kitu. Nilikaa ubavuni mwa kompyuta, nikaitazama yenyewe, lile sanduku, kama mlinzi. Wakacheza wa kwanza, wakacheza wa pili. Fundi akaingia, akakaa kwenye kiti ambacho sikukifuta. Chai ikaja. Kila mtu akageukia birika, na mimi peke yangu nikabaki nimekodolea sanduku.

Mama akapita nyuma ya meza na kitambaa chake. Akafuta skrini, akafuta juu ya sanduku, akafuta mbele. Kisha, bila haraka, kidole chake kikabonyeza kitufe kidogo cha mbele, na taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka pembeni mwake ikazimika.

"Mama," nikasema, "umebonyeza nini?"

"Hiyo ya kufanya kompyuta ikimbie. Si ni wewe ulinifundisha?"

"Sasa unaizima kwa nini?"

"Kwani mko na haraka gani?" Alikuwa anakamua kitambaa. "Watu ya kulipa wanakuja Jumatatu, hao nawawashia. Nyinyi mnacheza tu. Ati kompyuta ikimbie na watu wanacheza, stima iende bure. Nikileta chai naizima, mkienda naiwasha. Kuna ubaya, kijana yangu?"

Nilicheka peke yangu mpaka muuguzi akaniuliza kama niko sawa. Kitufe kile nilikijua vizuri. Ni mimi niliyemweleza mama kazi yake, kwamba kikiwa kimewashwa mashine inaenda kasi, kikizimwa inaenda polepole. Ilikuwa haijanijia kwamba kuna mtu duniani angekizima kusudi. Na programu yangu ilitegemea kasi ileile niliyoipima. Mashine ikihesabu polepole, inachelewa kuifikia ile namba niliyoiita sekunde. Kwa hiyo sekunde yake inarefuka, na dakika nzima na nusu ya kweli inatoka kwenye skrini ikiwa chini ya dakika moja. Yeyote aliyecheza baada ya chai ya mama angekuwa bingwa. Ila aliyecheza baada ya chai alikuwa mmoja tu.

Hawakuniamini, bila shaka. Karani alitaka kuona. Akacheza taa ikiwa imezimwa, muuguzi ameshika saa, na skrini ikampa muda ambao hajawahi kuuota. Nilimwona usoni. Kwa kitambo kidogo alitamani kuuamini. Kisha muuguzi akamwonyesha saa, naye akalegeza tai.

"Mimi sikusema mtu ni mwizi," alisema.

Mama alisimama na birika akiuliza kama amevunja kitu. Tulimwambia hapana. Aliniangalia kwa shaka, akawasha taa ya kijani, na tangu siku hiyo hakuigusa tena mbele yangu.

Wiki ile nilifuta ujanja wangu wote. Nikaandika ule mstari mmoja ambao mtu wa kawaida angeuandika tangu mwanzo, wa kuiuliza kompyuta saa yake. Nikailinganisha na saa yangu, nikarudia, nikarudia tena, nikitafuta kosa. Mashine haikujua mwaka, lakini sekunde ilizijua vizuri tu. Nikampelekea mwalimu wa Kagio marekebisho, juu nikaandika yaleyale: chukua, badilisha, mpe mwenzako.

Tulirudia kucheza sote, taa ikiwaka, kabla ya Kagio kuja. Karani akawa wa kwanza. Fundi akawa wa pili, nyuma yake kidogo sana, na kwa mtu aliyeanza juzi hiyo ilikuwa ajabu ya kweli, lakini baada ya yale yote hakuna aliyepiga makofi. Karani alinyoosha mkono, fundi akaushika, mambo yakaisha. Nilikuwa nimethibitisha kwamba mimi si mwongo, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimemnyang'anya fundi siku yake na watu wa Kagio.

Nilimsindikiza kuelekea Ruring'u. Hakuwa ameniomba, wala hakunikataza. Nilibeba kijisanduku changu cha disketi kwapani, na njia nzima nilikuwa natunga namna ya kuomba radhi. Tulipofika lango la uwanja alisimama.

"Kwa hivyo haikuwa wewe," alisema.

"Haikuwa mimi. Umeona mwenyewe, ni kitufe."

"Hata mara moja? Hata kidogo tu, kunisaidia?"

"Hata mara moja. Naapa."

Nilitaka kumweleza tena habari ya hesabu na kasi, lakini aliinama akaanza kutoa uzi kwenye sketi yake, uzi mrefu wa bluu, akauzungusha kidoleni.

"Mimi nilijua ni wewe," alisema. "Walipoanza kusema, nilienda nyumbani nikasema, basi ni yeye, ananipatia sekunde. Kutoka nizaliwe hakuna mtu amewahi kudanganya kwa ajili yangu. Sikukasirika."

Majuma yote yale nilikuwa nimehangaika kumwondolea mtu yule shaka pekee aliyokuwa akiipenda. Karani alinishuku bure, mwalimu wa Kagio alinishuku bure, kanisa lilinishuku bure. Katika watu wote, yeye peke yake ndiye aliyenishuku kwa kitu nilichokuwa nacho kweli.

Nikamwambia hivyo, pale langoni, na kwamba nampenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia vile mimi ninavyowaangalia watu.

"Na nitajuaje hii haina kitufe?" akauliza, akashika upande mmoja wa kijisanduku cha disketi, tukaendelea kutembea.